Picha ya Ziwa Tupu

Ziwa lile liliponzwa na uzuri wake. Lilikaa huko juu mlimani, kijani kama chupa iliyooshwa, vilele vyeupe vimelizunguka, na kila mwenye simu alikuwa ameapa kwamba atakuja kupiga picha akiwa peke yake ukingoni. Tatizo ni kwamba walikuja wote siku moja. Jumamosi foleni ya kushuka kwenye gati ilishinda ya benki mwisho wa mwezi. Mtu anafika mbele, anafumba macho, ananyoosha mikono kama aliyepata utulivu wa nafsi, na nyuma yake umati unamhimiza autafute huo utulivu upesi, kwani na wao wana zamu yao.

Katikati ya fujo hiyo kulikuwa na mpiga picha aliyekula kwa kuondoa watu. Walimwita Ufagio, na jina hakulikataa, maana lilimletea wateja. Kazi yake ilikuwa hivi: anasimamisha kamera juu ya stendi yake ya miguu mitatu, haisogezi hata kidogo, halafu anapiga picha ileile asubuhi nzima. Nyumbani kompyuta inazilaza picha hizo moja juu ya nyingine. Kilichosogea kinatupwa, kilichotulia kinabaki. Mlima unabaki, maji yanabaki, gati linabaki. Watu, kwa kuwa hawajui kukaa, wanapotea wote, pamoja na kofia zao na watoto wao.

"Mimi sifukuzi mtu," alizoea kusema. "Wanajifukuza wenyewe kwa kuhangaika."

Sasa hoteli kubwa ya ng'ambo ya ziwa ilikuwa imemwagiza picha ya kufunika ukuta mzima wa mapokezi: ziwa tupu, asionekane hata mmoja. Meneja alisisitiza hilo la hata mmoja, kwa sababu wageni wake walilipa ili waamini kwamba hakuna wageni wengine. Malipo yangetosha kuongeza chumba uani. Na chumba hicho kilihitajika, kwa maana baba mkwe alikuwa analala kwenye kochi.

*

Baba mkwe alikuwa fundi saa. Alipofiwa na mkewe alikuja kwa binti yake kukaa kidogo, apoze moyo. Moyo ukachelewa kupoa. Simu zilikuwa zimeshaiua kazi yake, na mtoto wa jicho akaja kuizika. Mzee kukaa kwa mwanamume aliyemwolea binti ni kukalia yai: hujui ukilegea utasikia nini. Kwa hiyo alijitahidi asiwe mzito. Alikunja shuka lake kabla watu hawajaamka. Kochi lenyewe lilikuwa sebuleni, ubavuni mwa kompyuta, na Ufagio akiwa na kazi, mzee alikaa wima akisinzia mpaka kitanda chake kiachwe.

"Wanasema mgeni siku ya tatu mpe jembe," alimwambia binti yake. "Nyinyi mmeninyima hata kijiko cha kupalilia."

Binti alicheka. Yeye alikodisha majaketi na viatu vya mpira pale getini pa ziwa, kwa wale waliokuja mlimani wamevaa kaptula kama wanaenda kuogelea. Alikuwa akirudi miguu imevimba, na utani wa baba yake ndio uliomvua viatu.

Mzee alikuwa na ombi moja ambalo halikuchoka. Alitaka mkwewe ampige picha. Alishaomba kwa utani, akaomba kwa dhati, na usiku ule wa Ijumaa, wakiwa mezani, akaomba tena. Ufagio alikuwa akipangusa kamera yake. Hakunyanyua macho.

"Mimi napiga milima, Baba. Mlima haulalamiki kwamba umetoka mnene."

Wakacheka wote watatu, mzee akiwa wa mwisho kuanza na wa kwanza kumaliza. Baadaye akauliza hiyo mashine inajuaje nani wa kumtoa na nani wa kumwacha. Ufagio akamweleza, na kwa kuwa alipenda kueleza, akamweleza mpaka na kona atakaposimama kesho, mkabala na ule mwamba mweupe.

"Kwa hiyo asiyetikisika anabaki," mzee alisema.

"Anabaki. Lakini nani atatulia asubuhi nzima kwenye baridi ile?"

"Mtu aliyewahi kufunga skrubu ya saa ya mkononi ya mwanamke."

Binti akamwambia amalize chakula kabla hakijapoa. Maneno yakahamia kwenye bei ya saruji.

*

Jumamosi Ufagio alifanya kazi kama kawaida yake, yaani bila kumtazama mtu. Miaka ya kufagia ilikuwa imeyafundisha macho yake hivyo. Aliona mwanga, aliona wingu linavyopanda kileleni, aliona maji yametulia kama kioo; watu aliwaona kama mtu anavyoona vumbi juu ya meza, kitu cha kupangusa baadaye. Upande wa pili wa maji, juu ya mwamba mweupe, kulikuwa na kidoa. Kulikuwa na vidoa kila mahali.

Saa za mchana meneja alimpelekea gari limfuate, picha ilitakiwa jioni ileile. Ufagio akakunja stendi. Kona ile iligombewa na wapiga picha wote kama bomba la maji mtaani: hajaukunja mguu wa mwisho, mwenzake alishachomeka stendi yake kwenye mashimo yaleyale, na nyuma ya huyo walisubiri wengine.

Nyumbani kulikuwa kimya. Kochi lilikuwa tupu, shuka limekunjwa, naye akashukuru kimoyomoyo: leo atanyoosha miguu. Kompyuta ikaunguruma, ikafagia. Gati likabaki tupu, njia ikabaki tupu. Ila juu ya mwamba mweupe alibaki mmoja, mdogo kama punje ya mchele.

Ufagio alisonya. Katika miaka yote ya kazi ile hajawahi kubakiwa na mtu. Akamdhania mlevi aliyelala wima, au mpenzi aliyeachwa. Hakumkuza amwone. Alichukua kipande cha jiwe kutoka pembeni, akakipaka juu ya yule mtu, basi, mwamba ukawa mwamba. Hata chai yake ilikuwa bado ina moto.

Akaituma picha, akajilaza kwenye kochi.

*

Mkewe aliporudi jioni aliuliza baba yuko wapi. Ufagio akasema hajamwona, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

Walidhani yuko kwa kinyozi. Halafu walidhani yuko kwa jirani, mwendesha pikipiki, ambaye mzee alipenda kwenda kumsikilizia injini yake na kuiambia kasoro zake. Jirani alikuwa hajamwona. Giza likaanza kuingia, na ndipo binti alipofungua begi la baba yake akakuta koti la sherehe halimo. Kofia nayo haikuwepo.

"Amevaa vya safari," alisema. Akakaa kwenye ukingo wa kochi. "Amerudi kwake. Ulimwambia nini jana?"

"Mimi? Sote tulicheka."

"Wewe ulicheka. Baba yangu aliitikia."

Ufagio akajitetea kwamba ulikuwa utani. Mkewe akamuuliza utani gani wa kuutanguliza mlima mbele ya mzazi. Lakini hakukuwa na muda wa kugombana vizuri. Jirani akawasha pikipiki, wakaenda stendi ya mabasi, wakauliza makondakta, wakauliza wauza maji. Kituoni polisi aliandika jina la mzee kwa kalamu iliyogoma wino, akasema mtu mzima ana haki ya kwenda atakako, waache usiku upite. Usiku ukapita, na huko mlimani ulipita na baridi yake yote.

Alfajiri mke alirudi stendi na jirani. Ufagio aliachwa nyumbani, ikiwa mzee atatokea mlangoni na utani wake asikute pamefungwa.

Aliyetokea ni meneja, kwenye simu. Hakusalimia. Picha imeshapachikwa kwenye skrini ya mapokezi, wageni wanakunywa chai, na mtoto mmoja ameuliza kwa nini ndani ya maji kuna mtu kichwa chini miguu juu, na kwa nini juu ya mwamba mwenyewe hayupo. Sasa meza nzima haili, inatazama. Aitoe hiyo takataka upesi kabla ukuta haujachapishwa, au hayo malipo ayasahau.

Ufagio alifungua kompyuta. Aliuendea mwamba, akashuka chini yake mpaka kwenye maji. Alikuwa amemfuta mtu, akasahau kivuli chake. Kilikuwa pale, kimening'inia ndani ya ziwa kama kitu kilichoanikwa. Safari hii alikuza, kwa maana lazima ukuze ndipo ufute vizuri. Kivuli kikaja karibu, kikaja karibu tena, mpaka kikawa na koti refu, kikawa na kofia, kikawa na mikono miwili iliyofungwa nyuma ya mgongo, namna mzee alivyosimama dirishani kila asubuhi akisubiri wenye nyumba waamke.

Simu ikalia. Meneja. Akaiacha. Ikalia tena.

Kilichofuata alikuja kujielezea mara nyingi, na hakuna mara hata moja iliyomtosha. Alijiambia kwamba hela ile itahitajika kumtafutia mzee. Alijiambia kwamba picha si mtu. Ukweli ni kwamba mkono wake uliijua kazi, na ukaifanya kabla moyo haujafika. Alichukua maji ya pembeni, akayapaka juu ya kofia. Akayapaka juu ya koti. Mikono aliimalizia mwisho. Akaituma, ndipo akatoka mbio bila kufunga mlango.

Hakumpigia mkewe. Alipanga hivi: atakwenda mwenyewe, atamkuta mzee amejikunyata mahali, atamrudisha, na hapatakuwa na la kuelezana. Mwenye kosa hapendi mashahidi.

*

Jumapili ziwa lilijaa kuliko Jumamosi. Alipenya kwenye umati akiuliza kama kuna aliyemwona mzee mwenye koti refu. Mmoja alimpa simu awapige picha yeye na mchumba wake kwanza. Mwingine alimwambia asisimame hapo, ameingia kwenye picha yao. Watu walimkwepa kwa mikono bila kumwangalia usoni, kama yeye alivyowazoea.

Mlinzi wa geti dogo la upande wa mwamba, mbali na lile la majaketi, ndiye aliyejua.

"Yule mzee wa mwambani? Alishinda pale kutwa," alisema. "Jioni nilimfuata nikamwambia nafunga. Alinijibu bila kugeuza shingo, akasema nisimtikise, anapigwa picha. Nikamuuliza na nani, akasema na mkwe wake, akimaliza atampungia mkono."

"Ukamwacha?"

"Nilitazama ng'ambo nikaona kweli kuna mtu na kamera. Nikajua ni mambo ya filamu. Hao wa filamu ukiwaharibia, unafukuzwa kazi."

Ufagio aliupanda mwamba. Pale juu palikuwa na nafasi ya mtu mmoja kusimama. Akatazama ng'ambo, kwenye kona yake. Ilikuwa mbali. Aliona stendi ya miguu mitatu, nyeusi, na mtu ameinama nyuma yake. Mtu akakunja akaondoka, mwingine akachomeka. Kwa mbali hukuona mabadiliko yoyote. Ilikuwa kamera moja, isiyochoka, inamtazama yeye. Kwa macho ya mtoto wa jicho ingekuwa hivyo mpaka giza liufunike ulimwengu, na mzee angesubiri mkono upungwe.

Aligundua kwamba amesimama tuli. Alitaka kusogea, miguu ikamkatalia. Maji chini yalikuwa kioo, na kivuli chake kilikuwa ndani, kichwa chini, kinamwangalia. Alipata fikra ya kijinga kwamba akitikisika tu atafutika. Mtoto mmoja kule gatini alipiga ukelele, ndipo akapata pumzi na kutoa simu.

"Baba alikuwa ziwani," alimwambia mkewe. "Yumo kwenye picha."

Upande wa pili injini za mabasi zilinguruma.

"Yumo kwenye picha zako," mkewe alisema polepole, "na wewe hukumwona."

"Sikumwona."

Lilikuwa jibu la kweli, na alilitumia kama mtu anavyotumia noti iliyochanika: kwa kuikunja upande uliobaki mzima.

Mkewe alikuja na jirani, na wapanda mlima wenye kamba. Hawakutafuta sana. Nyuma ya mwamba, ambapo mtu anayeshuka gizani hukosea hatua, kulikuwa na mpasuko kati ya mawe, na mzee alikuwa ndani yake, kofia kifuani, mguu umekaa vibaya. Alikuwa hai. Alikuwa baridi kama mawe yenyewe, lakini alikuwa hai. Wageni waliokuwa gatini walinyanyua simu zao wote kwa pamoja, wakapiga picha.

*

Hospitali ilitaka malipo ya mwanzo kabla ya kitanda. Ufagio alitoa hela ya meneja, iliyokuwa imeingia asubuhi ileile na maneno ya pongezi. Chumba cha uani kikageuka kitanda cha wodini, chuma, kando ya choo. Mhasibu alimuuliza yeye ni nani wa mgonjwa. Akasema mwanawe. Mkewe alimtazama kidogo.

Mguu ulifungwa. Kifua ndicho kilichomtia daktari mashaka. Alisema mapafu ya mzee yamelala nje usiku kucha na hayataki kusahau. Wajukuu wa mgonjwa wa kitanda cha pili walikuja, wakaenda. Mke alikaa upande mmoja, akimsugua baba yake mikono. Ufagio alikaa upande wa pili.

Jioni ya Jumatatu mzee alifumbua macho, akageuza kichwa upande wa mkwewe. Sauti yake ilikuwa nyembamba.

"Niambie ukweli, mkwe. Nilitikisika?"

"Pumzika, Baba."

"Pua iliniwasha. Niliikuna mara moja. Nikasema basi, nimejifuta mwenyewe."

"Hukutikisika," Ufagio alisema.

"Kwa hiyo nimebaki."

Mkewe aliacha kusugua. Uso wake ulikuwa umelegea kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi, na alikuwa anamtazama mumewe kwa shukrani, kama aliyempa baba yake kitu. Akasema, mwonyeshe basi, si unayo kwenye simu?

Alikuwa nayo. Ilikuwa ileile aliyoirudisha meneja, pamoja na pongezi. Zile nyingine, za asubuhi nzima, zilikuwa nyumbani ndani ya kompyuta. Angeweza kusema chaji imekwisha. Alifikiria kusema hivyo. Badala yake akaifungua, akaisogeza mbele ya yale macho yenye ukungu, upande ambao mkewe asingeona.

"Naona kijani," mzee alisema. "Niko wapi hapo?"

Ufagio alikishika kidole cha mzee. Kilikuwa chepesi, kimezoea vitu vidogo. Akakiweka juu ya mwamba mweupe.

"Hapo."

"Hapo." Mzee alikipapasa kioo taratibu. "Nimesimama vizuri?"

"Wima kabisa, Baba."

Mzee alitabasamu, na kifua kikamkatiza, akakohoa mpaka binti akamwinua. Nesi akaja na dawa. Alikuwa na wodi nzima ya kuhudumia na hakuwa na muda wa picha, lakini mzee alimshika mkono wa gauni, akamwambia mkwe wake ni mpiga picha wa mahoteli, hahangaiki na watu, yeye ni milima tu, lakini yeye mzee ameingia. Yuko ukutani, ukuta mzima. Amtazame.

Nesi akainama juu ya simu, kwa heshima ya umri. Akatazama. Akasogeza macho karibu.

"Ziwa zuri sana, mzee," alisema. "Ila mtu simwoni."

"Angalia mwambani."

"Ndipo ninapoangalia."

Mzee akacheka kile kicheko chake, kilichobaki kidogo. Akamwambia binti yake asikilize, watu wanampa dawa ya macho yeye, kumbe kipofu ni nesi. Koti refu hilo, kofia hiyo, mikono nyuma. Aangalie vizuri, maskini, labda ni uchovu wa kazi. Na nesi, kwa kuwa alikuwa mtu mwema, akaangalia tena, akaanza kutafuta namna ya kudanganya. Alifungua kinywa, akamtupia Ufagio jicho la kuomba msaada.

Ufagio aliona jicho lile. Aliona mkewe ananyanyuka kwenye kiti. Kidole cha mzee kilikuwa bado juu ya kioo.

"Baba," alisema, "nesi anaona vizuri."

Mkewe alizunguka kitanda polepole, akapita miguuni mwa baba yake, akaja kusimama mbele ya mumewe, akanyoosha mkono apewe simu.